Debe la Chumvi, Debe la Nzige

Mjukuu wangu husema fulani anampigia debe fulani, maana yake anamsifia kwa watu ili apewe kura au kazi. Pale Malili siku hizi kuna vijana ambao kazi yao ni hiyo tu, kupiga debe, na hawana debe lolote mkononi, wana koo. Sina ugomvi na vijana. Lakini neno lenyewe silipendi. Nikilisikia, kiganja changu cha kulia huwasha katikati, pale ambapo ulimi wa ng'ombe ulikuwa ukipita. Mimi ni mwalimu mstaafu, mtu wa chaki na kitabu, na najua kwamba neno haliwezi kumwasha mtu. Linaniwasha hata hivyo.

Nilizaliwa kwenye milima ya Kilungu, upande unaotazama chini kwenye tambarare za Malili. Mama yangu hakuwa wa huko, aliolewa kutoka Nuu, mbali kabisa mashariki ya Kitui. Mimi ni binti yake wa pili, na kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la mama ya mama. Kwa hiyo mama hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Na mimi nilimwita mwaitu vilevile, kwa sababu ndivyo kila Mkamba anavyomwita mama yake. Mgeni akitusikia tukiitana asingejua nani kamzaa nani. Sisi tulikuwa tumezoea.

Nzige walipokuja nilikuwa mdogo, na ninachokumbuka zaidi ni kelele. Kila boma kwenye mlima wetu lilikuwa na debe tupu la mafuta ya taa, limetundikwa kwenye mti mpakani mwa shamba, na kijiti chake kando. Aliyeona wingu la kahawia likipanda kutoka tambarare hakukimbia kuuliza. Alipiga debe. Aliyesikia alipiga lake, na jirani lake, mpaka mlima mzima ukawa unalia na nzige wakakosa pa kutua. Mwaka mmoja tulichelewa. Kufikia saa kumi mtama wetu ulikuwa vijiti vitupu, na miezi iliyofuata mama alichemsha majani ambayo hata mbuzi walikuwa wakiyapita. Hakuna aliyeniketisha akanieleza maana ya wingu lile. Tumbo ndilo lililonifundisha, na katika miaka yangu yote ya kushika kiboko darasani sikupata kuwa mwalimu mkali kama tumbo.

Nzige wakaondoka, miaka ikapita, madebe yakashika kutu kwenye miti. Ndipo mjomba, ndugu ya mama, alipotuletea ng'ombe. Alimswaga kwa miguu kutoka Nuu akipitia Mwingi, ambako Waislamu wafanyabiashara wa mifugo walimsumbua awauzie, akakataa. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, mtamba ambaye hajazaa. Mjomba alimkabidhi mama kamba, akasema, "Huyu ni wako wewe, si wa shemeji." Baba hakuwapo kusikia. Alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na nyumbani alionekana mara moja kwa mwaka.

Kuchunga kwetu ni kazi ya wavulana, lakini nyumba yetu haikuwa na mvulana. Dada yangu alikuwa ameolewa. Nikabaki mimi, wa miaka kama tisa hivi, miguu mifupi, na ng'ombe mgeni aliyependa kujichimbia vichakani. Wavulana walinicheka sana. Walisema msichana anachunga vichaka, ng'ombe anajichunga mwenyewe. Nilikuwa na hasira tangu utotoni, wanaonijua watakuambia, na hasira hiyo ndiyo iliyonipa akili.

Nilichimba udongo wa chumvi kule mtoni, munyu kama tunavyouita, nikautia kwenye debe letu kuukuu la shambani. Kila jioni nilipiga mara mbili polepole. Moja, natulia, moja. Kisha nikamlambisha ng'ombe kiganjani. Mwanzoni debe lilimtisha, kwa kuwa hakuwa amewahi kulisikia. Baada ya siku chache akawa anasimama na kugeuza masikio. Haukupita mwezi akawa anatoka ng'ambo ya korongo mbio, titi bado changa, mate yanamtoka kabla sijafungua kiganja. Wale wavulana walikuja kutazama. Walijaribu na ng'ombe wao, lakini walikuwa wachoyo wa chumvi, ng'ombe wao wakabaki walivyo.

Bibi mmoja jirani alinikemea. "Debe si la kuchezea," alisema. "Debe ni la nzige. Siku moja watu watasikia na wasitoke." Nikamjibu kwamba la nzige hupigwa mfululizo na langu ni la polepole, hata kuku anaweza kuyatofautisha. Mama alinipiga kofi kwa kumjibu mkubwa, lakini niliona anajizuia kucheka.

Mwaka ambao ng'ombe alizaa, mama naye alizaa, na alikuwa mvulana. Wazazi wangu walikuwa wamemngoja mtoto huyo mpaka wakakata tamaa. Ndama alikufa wiki ya pili. Ng'ombe huyu hakuwa na adabu za ng'ombe wengine. Ukimlambisha chumvi aliachilia maziwa hata bila ndama. Ikawa bahati, maana mama alishikwa na homa kali baada ya kujifungua, na alipopona kifua chake kilikuwa kimekauka. Mtoto akalelewa na ng'ombe. Asubuhi na jioni nilipiga debe, ng'ombe akaja, mama akakamua kibuyu kidogo, na mtoto akinywa alikuwa akinishika kidole. Nilijua, kama nilivyojua njia ya mtoni, kwamba debe langu ndilo linalomnyonyesha ndugu yangu. Nilijivuna nalo sana.

Kisha ikaja habari ya ng'ombe kuhesabiwa. Serikali ilisema mifugo imezidi na udongo unakwisha. Wale wa kubaki wangepigwa chapa ya moto, waliozidi wangeshushwa tambarare wauzwe. Kila mtu mlimani alikuwa na habari yake. Wengine walisema wanachukuliwa wabovu, wengine walisema wanachukuliwa wanono. Mama alisikia ya pili. Siku ya chapa alimficha ng'ombe kwenye korongo, akapeleka mbuzi peke yao. Baadaye ikajulikana kwamba mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa aliachiwa. Lakini siku yetu ilikuwa imeshapita, na sasa ng'ombe asiye na chapa akionekana popote alikuwa anachukuliwa bila swali.

Mama hakulia. Alikaa akimtazama mtoto, kisha akaniambia, "Mwaitu, ng'ombe wako anaitika. Mtu yeyote akigonga bati, atatoka na kutuumbua. Mfunze kusahau."

Sasa nitaeleza jambo ambalo nimewaeleza walimu wengi vijana bila kuwaambia nililipata wapi. Kumfundisha mnyama ni furaha kwenu wote wawili. Kumfundisha asahau ni kumdanganya kila siku mpaka aache kukuamini. Nilikwenda korongoni mchana nikapiga mara mbili polepole, na kiganja changu kilikuwa kitupu. Alikuja mbio. Alilamba kiganja, akalamba debe, akalamba kiganja tena. Kesho yake alikuja mbio vilevile. Siku ya nne alikuja akitembea. Siku ya nane alifika nusu ya njia akasimama, akanitazama. Siku ya kumi na mbili aligeuza sikio moja tu na kuendelea kula majani. Nilipiga tena na tena, na hakugeuka. Nilikaa chini nikalia, na nilipofika nyumbani nikamwambia mama, "Amesahau."

Mama alinipa maziwa kidogo ya mtoto siku hiyo, kama zawadi. Toka hapo tukawa tunamkamua korongoni kimyakimya, na debe likarudi kwenye mti wake. Kwa tahadhari tulimfunga ng'ombe kamba ya mkonge shingoni. Ndege waliokuja kwenye mtama tuliwafukuza kwa kombeo. Majuma mawili, labda matatu, hakuna aliyepiga bati lolote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitufundisha habari za mtaalamu wa nchi za baridi aliyepiga kengele kila alipowapa mbwa chakula, mpaka mbwa wakatokwa na mate kwa kengele peke yake. Darasa lilicheka. Mkufunzi akaeleza kwamba ukipiga kengele bila chakula mara nyingi, mate hukoma. Wenzangu wakaandika: mbwa amesahau. Mimi nilikuwa nimeinua mkono kabla sijajua ninauliza nini. "Na akipumzishwa, mwalimu? Asisikie kengele siku nyingi, halafu isikike?" Yule mkufunzi alifurahi, akasema hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyoulizwa mwaka ule. Mate yanarudi, alisema. Mbwa hakusahau kamwe, alikuwa ameacha tu, na akipumzika, kile alichojifunza kwanza huamka. Akaongeza kwamba mbwa huitika hata kengele nyingine inayofanana kidogo na ile yake. Nilitoka nje, nikashika ukuta. Wenzangu walidhani nina mimba.

Kama kungekuwa na mtu wa kutuambia hilo mwaka ule kule Kilungu, tungeendelea kumdanganya. Hakuwapo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, mtama umekaribia kuvunwa. Karani wa ng'ombe alikuja na askari wawili wa chifu wakapita boma kwa boma. Kwetu walikuta mbuzi, kuku na mama anayesaga. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake. Walichungulia zizini, wakauliza kinyesi hiki kibichi ni cha nani, na mama akasema ni cha ng'ombe wa jirani anayepita. Karani hakuamini, lakini hakuwa na ng'ombe wa kumshika mama naye. Wakaondoka. Niliwaona kutoka shambani juu wakishuka njia ya mtoni, na nikahesabu hatua zao moyoni. Bado kidogo tu wangepita kona.

Ndipo nilipoinua macho. Kutoka tambarare za Malili lilikuwa linapanda wingu la kahawia, pana, likija upande wetu.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikushtuka hata. Kushtuka kunataka muda. Nilikuwa nimesimama na kombeo mkononi, kisha kombeo lilikuwa chini na kijiti cha debe kilikuwa mkononi, na debe lilikuwa linalia. Nilipiga mara mbili, tatu, ndipo nilipomwona mama akitoka mbio pale alipokuwa akisaga, mtoto mgongoni, macho juu kwenye wingu. Jiwe la kusagia lina kelele zake, hakuwa amenisikia. Alinyakua debe la maji, akamwaga maji yote chini, akapiga. Yule bibi jirani akapiga. Mlima wote ukapiga, hata watoto waliozaliwa baada ya nzige kwisha. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi, na katika muda wote huo sikumkumbuka ng'ombe hata mara moja.

Alikuja kutoka korongoni mbio kama zamani. Alipita katikati ya karani na askari wake pale njiani, kamba iliyokatika ikiburuta nyuma, akapanda shamba akivunja mtama, akaja mpaka kwangu. Akatoa ulimi. Kijiti kiliniponyoka, na akanilamba kiganja.

Madebe yalinyamaza moja moja. Wingu lilikuwa limekaribia, na watu sasa waliweza kuona lilikuwa nini. Lilikuwa vumbi. Lilikuwa vumbi la ng'ombe waliokusanywa kutoka vilima vingine, wengi mno, wakiswagwa tambarare kwenda kuuzwa.

Karani alipanda taratibu, akifuta jasho. Alikuwa kijana, na viatu vyake vilikuwa vimefunguka. "Hii ngombe ni ya nani?" aliuliza. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiswahili niliyoijua maishani, na hadi leo naisikia ilivyosemwa. Askari mmoja akanitafsiria kwa Kikamba. Nikasema si wetu. Ng'ombe alikuwa bado analamba, mkono kwa mkono, na kila alipoona hamna kitu alijaribu mwingine. Yule askari alicheka.

"Mama," karani alimwambia mama yangu aliyekuwa amefika, "hapana danganya sasa. Hii inajua mtoto yako kuliko wewe."

Mama alimfungua mtoto mgongoni akamwinua mbele ya karani kwa mikono miwili. Karani alimtazama mtoto, akatazama pembeni, akasema kitu ambacho askari hakukitafsiri. Kisha akapapasa ubavu wa ng'ombe kutafuta chapa, na haikuwepo.

Walivuta kamba, ng'ombe akakataa. Walimchapa, akajikita. Yule askari aliyecheka alikuwa na akili, na nadhani alikuwa amechunga utotoni. Alitungua debe langu mtini akalipiga polepole, mara mbili. Ng'ombe akageuza masikio. Askari akarudi nyuma hatua chache, akapiga tena. Moja, akatulia, moja. Ng'ombe akamfuata. Wakashuka hivyo mpaka mtoni, askari mbele na debe, ng'ombe nyuma yake, na sauti ile niliisikia muda mrefu baada ya kona kuwaficha.

Majirani walitusaidia kwa maziwa ya mbuzi, kila mtu siku yake. Lakini ulikuwa mwaka wa kiangazi na mbuzi nao walikauka. Tulimpa mtoto uji mwembamba. Alikuwa akinishika kidole vilevile, ila sasa alikishika kwa nguvu ndogo, kama mtu aliyelala. Alifariki kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Baba alirudi akakuta kaburi.

Wazee walikutana kuuliza nani alianza kupiga debe siku ile, kwa sababu mlima ulikuwa umepiga kelele kwa vumbi na ng'ombe mmoja akachukuliwa. Waliuliza bomani mwetu pia. Mama aliinama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na nikanyamaza. Hakuna aliyeniuliza kwa jina, wakaenda zao, na nikasikia raha mwili mzima. Kwenye vitabu vya chuoni nililikuta hilo nalo. Tendo likikuondolea uchungu, utalirudia, na kila ukilirudia linakuwa jepesi. Nimenyamaza mbele ya baba, mbele ya mchungaji wa kanisa, mbele ya mume wangu. Limekuwa jepesi sana.

Mama aliishi mpaka akawa mzee sana. Hakuwahi kumtaja yule ng'ombe, wala mtoto, wala debe. Nilidhani amesahau, mimi, mtu niliyefundisha somo hilo.

Mwaka wake wa mwisho nilikuwa nakwenda kumwogesha kila asubuhi. Siku moja wajukuu walikuwa wakicheza uani na kopo la rangi, wakaligonga. Mara mbili tu. Mama alishika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akakitazama.

"Mwaitu," akasema. "Nimebeba kitu miaka yote. Siku ile ya vumbi, mimi ndiye niliyepiga kwanza. Niliona wingu nikapiga, na nyote mkanifuata. Mimi ndiye niliyemtoa ng'ombe. Mwanangu nilimuua mwenyewe."

Maji yalikuwa yakipoa kwenye karai. Nilikumbuka alivyotoka mbio akiangalia juu, na mimi nimeshapiga mara tatu. Nilikuwa na maneno yote tayari, nilikuwa nayo tangu nina miaka kumi.

"Nisamehe, mwaitu," akasema. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemzaa.

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Nikachukua kitambaa nikaendelea kumwosha mgongo.